Pindo la Manjano

Jirani yetu hapa Chumbageni hufumia barazani blanketi la mjukuu wake ajaye, uzi wa manjano umemzunguka kidole. Kila akilifikia pindo la mwisho, hufumua mistari miwili akaanza upya.

"Shangazi, hilo halimaliziki?"

"Mwenyewe hajafika."

La mwaka jana alilimaliza mapema, na mtoto akazaliwa hana uhai. Leo binti yake yuko hospitali tangu alfajiri. Sindano inakwenda mbio. Simu ikalia. Akasikiliza, kumbe kichanga kinalia huko.

"Alhamdulillahi!" Akaketi sakafuni, akalifuma pindo palepale, matundu mengine akiyaruka. Nikamwonyesha.

"Wacha, mwanangu," akacheka huku machozi yakimtoka. "Si atalikojolea tu!"