Bogenvilia Nyumbani kwa Baba

Kabla hujaanza kunicheka, jua mambo mawili. Siku hiyo nilikuwa nimekula nikashiba, sahani nzima ya githeri. Na ilikuwa saa nane mchana, jua limetukalia utosini, watu wanapita barabarani Kawangware kama siku zote. Haikuwa usiku, haikuwa ndoto, wala sijawahi kuonja chang'aa maishani mwangu. Wanaosema wafu hungoja giza hawajakutana na wa kwetu. Akinyi, anayechoma mahindi kando yangu, aliyaona kwa macho yake, na ukitaka nenda umuulize. Atakuuzia hindi kwanza, lakini atakuambia.

Mimi nauza miche. Nina kitalu kidogo hapo kando ya barabara: waridi, haibiskasi, miparachichi, nyasi za kupanda. Kulala nalala Lindi, Kibera, chumba kimoja cha mabati. Mvua ikinyesha huko, mimi na sufuria zangu tunajuana. Kazi ya miche sikuisomea popote, nilifunzwa na baba.

Baba alikuwa mtunza bustani wa matajiri kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikata nyasi za watu, akapunguza nyua za watu, jioni akarudi Kibera kwa miguu. Lakini kila mwisho wa mwezi alikwenda nyumbani kwetu Machakos, na ukifungua mkoba wake kutafuta mkate, woi, ulikutana na vijiti! Vipandikizi. Alivikata huko kwa matajiri wakati wa kupunguza ua, maana wao walivitupa. Alivifunga kwa gazeti lililoloweshwa maji, akazungusha uzi wa katani aliousokota mwenyewe pajani, akafunga fundo. Baba alikuwa wa mashoto, kwa hivyo fundo lake lilikaa upande usio wake, kama linataka kuanguka. Halikuwahi kufunguka hata siku moja.

Kijiti kwa kijiti, mahali pale pakawa bustani. Sisi watoto tulikuwa tukishuka kwenye basi Krismasi, na kutoka barabarani unaiona: ua wa miba ya kayaba umenyolewa sawasawa, nyasi kijani katikati ya kiangazi cha Ukambani, njia ya mawe meupe inapinda mpaka mlangoni ingawa ingeweza kunyooka. Majirani walimcheka. Mwanamume mzima anamwagilia maua na mahindi yanakauka? Yeye anacheka nao, anaendelea kumwagilia. Hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa asubuhi nakuwa na miaka tisa, miguu peku, na mzee ananiita nije nishike mpira wa maji.

Alikuwa na sheria moja. Mti hung'olewa na mkono ulioupanda. Nilipokuwa mdogo nilipanda mlimau katikati kabisa ya ile njia ya mawe, halafu nikarudi Nairobi shuleni. Unafikiri aliung'oa? Aliuzunguka muhula mzima, yeye na toroli lake, mpaka nilipokuja likizo nikauhamisha mwenyewe. Alisema mti hujua nani aliuambia ukae hapo, na mtu mwingine akiutoa, hubakiza kitu ardhini. Mimi niliona ni maneno ya wazee tu.

Alipofariki tulimzika hapo hapo, chini ya dirisha lake, kama desturi yetu. Mama alitangulia zamani na yuko kwa babu, maana wakati huo baba hakuwa amenunua shamba. Tukaweka udongo, tukaweka msalaba wa mbao, tukasema simenti tutaweka Krismasi. Krismasi ikaja, ikaenda. Ya pili ikaja. Unajua vile huwa.

Basi mwaka jana kaka yangu Mutinda akanipigia. Nyumba iuzwe. Nani anakaa pale? Yeye yuko Mombasa na kazi yake, mimi niko Kibera. Na sitakudanganya, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nusu yangu ingenipa kijumba cha mawe chenye sakafu na paa lisilovuja, mimi niliyezaliwa kwenye mabati na kuzeekea humo. Ungekataa wewe?

Kulikuwa na tatizo moja tu, na unalijua. Nani hununua nyumba yenye kaburi chini ya dirisha? Mutinda akasema, "Dada, wewe ni fundi wa bustani. Lainisha pale. Weka maua."

Nikaenda. Nilikaa siku nne. Msalaba niliuweka stoo nyuma ya magunia. Tuta la baba nikalisawazisha kwa reki, mikono hii, nikazungushia mawe meupe, nikapanda bogenvilia tatu nyekundu na waridi pembeni. Nikajiambia, mzee si alipenda maua? Eh, mtu akitaka kitu hakosi wakili. Mutinda akapiga picha, akaweka tangazo kwenye simu kwa Kiingereza kitamu: nyumba ya kijijini iliyojitenga, bustani zilizopambwa kitaalamu, utulivu mtupu. Utulivu! Miezi miwili baadaye akapata wateja, mwalimu mstaafu na mume wake. Wangekuja Jumamosi kuona na kukubaliana.

Sasa, hii ilikuwa Alhamisi.

Nimekaa kwenye ndoo yangu, najaza fumbo la maneno kwenye gazeti, nimefika katikati. Akaja kijana mmoja. Nasema kijana kwa sababu mimi nimepita hamsini na yeye hangezidi thelathini na tano. Ovaroli ya kijani yenye kiraka gotini, gambuti, kofia imeshushwa usoni. Nikajua ni mtunza bustani wa tajiri fulani.

"Sasa, kijana," nikamwambia.

"Habari ya kazi, mama. Nina shida na bogenvilia. Imepandwa mahali pabaya."

"Karibu na ukuta?"

"Karibu na mtu."

Nikacheka. "Miiba inamchoma?"

"Miiba iko juu, haina neno. Ni mizizi. Imeanza kufika kifuani."

Wateja huongea vituko kila siku, nami huitikia tu. Nikamuuliza ina muda gani. Akasema miezi miwili. Nikamwambia kitaalamu kabisa, mjinga mimi, "Ing'oe wiki hii. Mvua ikishaanza, haitatoka tena."

"Si mimi wa kuing'oa," akasema polepole. "Mti hung'olewa na mkono ulioupanda."

Niamini, yalikuwa maneno ya baba, neno kwa neno. Lakini nikajiambia labda watunza bustani wote wana msemo huo, si hufanya kazi nyumba jirani? Akainama, akachagua kipandikizi cha haibiskasi. Akachukua gazeti langu bila kuniomba, akachana ukurasa ule ule wa fumbo, akauchovya kwenye ndoo ya maji. Akaviringisha. Akatoa uzi wa katani mfukoni. Akafunga kwa mkono wa kushoto, na fundo likakaa upande usio wake.

Ndipo nikauona uso chini ya kofia. Ni ile picha ya studio iliyokuwa ukutani kwetu nikiwa mdogo, baba na ovaroli yake mpya, hajaota hata mvi moja. Mimi, mtoto wake, nilikuwa nimemwita kijana.

Akageuka kuondoka, na mgongo wote, kuanzia kola mpaka visigino, ulikuwa udongo mwekundu mbichi. Akinyi akaacha mahindi yake. "Woi, baba, umeanguka wapi? Ngoja nikupanguse."

"Wacha tu, mama," akamjibu kwa upole. "Ni blanketi. Watoto wangu wameniongezea. Ni zito kidogo."

Halafu akaniangalia mimi. Akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo ni watu wawili tu waliowahi kulitumia, na wote tumewazika. Akasema, "Jumamosi iko karibu." Hakuwa na hasira, wallai tena! Afadhali angenikaripia. Alikuwa anaomba, vile mzee huomba mtoto amletee maji.

Nilimkimbilia na slipa moja. Barabara imejaa watu, mikokoteni, bodaboda, na ovaroli ya kijani haipo. Niliporudi, Akinyi ameketi chini, mahindi yanaungua. Akaniuliza, "Mama Kioko, yule ni nani wako?" Nikalia mbele za watu.

Ijumaa nilipanda basi la kwanza. Nyumba ilikuwa kimya, nzuri kweli, nzuri kama kwenye tangazo. Na chini ya dirisha, katikati ya bogenvilia zangu, upande wa kichwa, kulikuwa na kipandikizi cha haibiskasi kimechomekwa ardhini. Gazeti bado limekizunguka, bichi. Uzi wa katani, fundo la mashoto. Nikalikunjua lile gazeti, na mwandiko ulikuwa wangu, kalamu yangu ya bluu, na neno moja nililolikosea nikalifuta.

Sikutafuta jembe. Nilipiga magoti nikachimba kwa vidole, nikisema, pole baba, pole mzee wangu, pole. Waridi zilitoka upesi, na bogenvilia mbili. Ya tatu, iliyokuwa katikati, ilikataa. Mimi ni mtu wa miche, najua bogenvilia ya miezi miwili ina mizizi kiasi gani. Ule mzizi ulishuka moja kwa moja. Nilivuta, nikavuta, ukatoka mrefu kunizidi mimi nikisimama, na ncha yake imejikunja kama iliyokuwa imeshika kitu. Mahali ulipotoka, udongo ulishuka kidogo na kutulia, kama kifua cha mtu anayeshusha pumzi.

Nikarudisha tuta. Nikaleta msalaba. Haibiskasi niliiacha, hiyo sikuipanda mimi.

Jumamosi wakaja. Mutinda ametangulia mbele na suti, anaonyesha ua wa kayaba, anaonyesha nyasi, akapinda kona na kusimama ghafla. Mimi niko pale nimeketi kando ya tuta, kucha zimejaa udongo. Nikasalimia wageni, nikasema, "Karibuni. Huyu ndiye aliyepanda vyote mnavyoviona."

Yule mwalimu alisoma jina kwenye msalaba. Akatazama mawe meupe niliyoyasukuma pembeni, akatazama mashimo, akaelewa kila kitu. Akamwambia Mutinda, "Kaburi halikuwa shida, mwanangu. Kwetu pia tunazika nyumbani. Ungetuonyesha mlangoni, tungeongea, pengine tungemtunza. Lakini mtu aliyemficha baba yake atanificha nini mimi?" Wakarudi kwenye gari lao. Mume wake alivua kofia kwanza.

Mutinda alinigeukia. "Umenimaliza! Umejimaliza na wewe! Baba amekufa, dada. Amekufa!"

"Amekufa, ndiyo," nikamwambia. "Lakini hajahama."

Hajanipigia simu tangu siku hiyo. Kaka yangu wa pekee. Namtumia picha za haibiskasi, maana imeshika na imechanua, naona amezifungua, hajibu. Namwelewa. Nilimsaidia kukosea, halafu nikatubu peke yangu bila kumwambia. Hilo nalo ni kosa, na linaniuma kuliko paa linalovuja.

Ndiyo, bado niko Lindi. Bado najuana na sufuria zangu. Krismasi iliyopita niliweka simenti, kidogo kidogo, ile niliyoweza. Na tangu siku hiyo bogenvilia haikubali mkono wangu. Napanda kumi, zinakauka kumi, zote zikianzia mzizini. Wateja wakiuliza nawaelekeza kwa mwenzangu mbele pale. Akinyi naye kila ifikapo saa nane mchana huweka hindi moja pembeni, si la mteja yeyote. Sijawahi kumuuliza analimwekea nani.

Basi wewe unayetafuta nyumba ya kijijini, mahali pa kupumzikia uzee wako, nakuomba. Ukiona tangazo limesifu bustani kuliko nyumba, usikimbilie maua. Zunguka polepole. Ukifika kwenye tuta la maua lisilo na sababu ya kuwa pale, karibu na dirisha, mawe meupe mapya, simama. Uliza mwenye nyumba yuko wapi. Wakikuambia alishakufa, usiseme pole ukaendelea kutembea.

Uliza amelala wapi.