Mwaka Nilipomhamisha Mume Wangu

Nawajua wanawake wengi walioachwa na waume zao, na wachache waliowaacha wao. Mimi wangu nilimhamisha. Nilimhamisha kwa kura halali, kwenye kikao halali, na barua nikaiandika mwenyewe, tena nikaiwekea namba ya kumbukumbu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, tulipokuwa bado tunaishi kwenye apatimenti kule Burnsville, Marekani, na Watanzania wa upande wa kusini wa jiji tulikuwa na timu yetu ya mpira wa kikapu. Nikisema timu msifikirie makubwa. Walikuwa wanaume kumi na mmoja, wengi walikuja kama wanafunzi, sasa wana kazi za ofisini na vitambi vinavyoanza. Tulikodi ukumbi wa michezo kila Jumapili mchana, Wakristo wakishatoka kanisani na Waislamu wakishaswali adhuhuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya sakafu ya mbao iliyopigwa nta, moyo unanirudi kule: watoto wanakimbizana, masufuria ya pilau yamefunikwa kwa taulo kwenye buti la gari, na mume wangu anapandisha mpira taratibu huku akiwaelekeza wenzake kwa kidole, wewe huku, wewe kule, kama mtu anayepanga wageni kwenye jamvi. Nilipenda sana kumwangalia. Sikuwahi kumwambia, maana tayari alikuwa anajipenda vya kutosha.

Timu aliianzisha yeye. Na kwa kuwa sisi Watanzania hatuwezi hata kuchoma nyama bila kuunda kamati, timu nayo ilikuwa na kamati. Mwenyekiti alikuwa rafiki wa mume wangu tangu shule, mtu wa kompyuta. Mweka hazina alikuwa dada mmoja mfamasia aliyeishi Roseville. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu kabla ya kuja Marekani nilikuwa karani wa masjala, na jalada nikilifungua mimi basi limefunguliwa. Nani acheze, nani akae benchi, nani aondoke, tuliamua sisi watatu.

Kiangazi kimoja mwenyekiti akapatwa na ugonjwa wa redio. Kila asubuhi wachambuzi walikuwa wanaijadili timu kubwa ya mjini: nani abaki, nani aachiwe, nani kaanza kuzeeka. Mwenyekiti aliwasikiliza kwenye foleni ya barabara kuu ya 35 mpaka naye akajiona bosi wa klabu. Akatuitisha kikao nyumbani kwake, akafungua laptop na kutuonyesha jedwali: dakika alizocheza kila mtu, pointi, mipira aliyopoteza.

"Ndugu wajumbe," alisema, "wale Wakenya wa Champlin wana yule mrefu wao. Amehamia huku Burnsville, amechoka ku-drive mpaka kule kila wiki kwa ajili ya mazoezi. Wako tayari ku-trade, mtu kwa mtu."

"Wanamtaka nani?" akauliza mweka hazina.

Mwenyekiti aliniangalia, kisha akaangalia kikombe chake cha chai. Wakenya wale walikuwa na vijana wenye mbio, lakini kila mmoja alicheza kivyake. Walitaka mtu mzima wa kuwapanga. Walimtaka mume wangu.

"Huyo ndiye aliyeianzisha hii timu," mweka hazina akasema. "Utamtoaje mwenye nyumba kwa sababu amekuja mpangaji mrefu?"

"Dada, mambo hayaendi hivyo. Humpimi mchezaji kwa aliyokufanyia jana. Unajiuliza kesho atakupa nini." Halafu akanigeukia. "Shemeji, kama unaona vigumu, unaweza kutupisha kidogo."

Laiti ningewapisha. Lakini mimi na kiburi changu tumetoka mbali. "Hapa mimi si shemeji," nikamjibu. "Mimi ni katibu. Endelea."

"Haya, Katibu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Goti lake likoje?"

Kila Jumapili baada ya mechi, goti la kulia la mume wangu lilivimba kama andazi. Alifunga mlango wa chumbani, akalala chali, nami nikamwekea mfuko wa njegere zilizogandishwa. Kwa robo saa hivi, mwanaume yule mwenye maneno mengi aliumia mbele yangu bila kujikaza. Hakuna mwingine aliyejua. "Usimwambie mtu," aliniambia, nami nikamuuliza, nimwambie nani?

Niliwaambia. Nilisema linavimba kila wiki, kwamba ngazi anazipanda kwa kushika ukuta, na kwamba hawezi kufika mashindano ya mwisho wa kiangazi bila kuumia zaidi. Nilisema pia Wakenya waelezwe ukweli, wasije wakasema tumewauzia mbuzi kwenye gunia. Nikaona nimetenda haki kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikajisemea moyoni, kana kwamba maradhi yale yalikuwa yangu kuyatangaza.

Tukapiga kura. Mwenyekiti ndiyo. Mweka hazina hapana, tena aliisema akiniangalia usoni. Ikabaki yangu, na mimi nikasema ndiyo.

Sasa nani amwambie? Shujaa wetu wa redio akakumbuka ghafla kwamba ana watoto wa kuwafuata kwenye mazoezi ya kuogelea. "Katibu ataandika barua," alisema, huku funguo za gari ziko mkononi.

Nikaiandika. Nilianza kwa "Yah: Kuhamishwa Kwako," nikaendelea na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Nikaeleza kwamba Kamati, kwa kuzingatia umri na hali ya goti lako la kulia, imeamua hivi na hivi, na kwamba Kamati inakushukuru kwa mchango wako na kukutakia kila la heri huko uendako. Nilitoa nakala mbili, moja ya kwake na moja ya jalada.

Nilimkabidhi siku iliyofuata, jikoni, akiwa anakata vitunguu. Alifuta mikono, akaisoma amesimama. Akaimaliza, kisha akarudi kwenye mstari mmoja, na niliona macho yake yaliposimama.

"Nakala ya jalada nisainie hapa," nikamwambia. Nikikumbuka sentensi ile, natamani ardhi ipasuke.

Alisaini. "Nimepokea, Katibu," akasema, akarudi kwenye vitunguu vyake. Binti yetu wa miaka minane alikuwa mezani na kazi zake za shule. Akanyanyua uso: "Mama, is Baba in trouble?" Nikamwambia hapana, ni mambo ya kamati tu.

Akaenda. Kila wiki aliendesha gari kutoka kusini kabisa mpaka Champlin, kaskazini kabisa ya jiji, anavuka mto, na Wakenya wakampokea kwa mikono miwili. "Coach, umetuokoa aki," nilimsikia kapteni wao akimwambia kwenye simu. Nyumbani hakununa. Alipika zamu yake, aliwapeleka watoto maktaba, alinisimulia vituko vya vijana wake wapya mpaka nikacheka. Nikadhani yamekwisha.

Ila hakulala tena chali akaniita. Nilimwona anashika ukuta kwenye ngazi, nikamuuliza, "Goti linauma?"

"Haliumi."

"Mbona unachechemea?"

"Haliumi, mke wangu." Na akanipa lile tabasamu alilokuwa anawapa majirani tunapokutana nao kwenye chumba cha kufulia nguo. Bora angenitukana. Jumapili baada ya Jumapili niliuliza, Jumapili baada ya Jumapili halikuuma.

Kwenye mashindano ya mwisho wa kiangazi tukakutana nao. Yule mrefu aliokota kila mpira uliogonga ubao, kama jedwali lilivyoahidi, na tukawafunga vizuri tu. Mume wangu alicheza mpaka robo ya tatu, akatoka, akakaa benchi la upande wa pili amenyoosha mguu. Mimi nilikuwa mezani naandika pointi. Nikamwona mke wa kapteni wao, muuguzi, amechuchumaa mbele yake na barafu, anamuuliza kitu. Naye akanyoosha kidole kumwonyesha panapouma. Watu wangu walikuwa wanapiga vigelegele, mwenyekiti ananipigapiga begani kwamba shemeji tuliona mbali, nami nikaona wivu na aibu mpaka mistari ya daftari ikapotea machoni. Ilibidi mweka hazina amalizie kuandika.

Tukiwa garini, watoto wamesinzia nyuma, nilimwomba msamaha. Nilisema yote, ya kura na ya barua.

"Kura ilikuwa ya haki," akasema. "Hata mimi ningejihamisha. Lakini goti lile sikumwonyesha katibu."

Wiki hiyo hiyo niliacha ukatibu, na kamati ikaniandikia barua ya shukrani. Alinisamehe, hilo najua, na tuliishi vizuri. Lakini kusamehewa ni jambo moja, na kuaminiwa ni jingine. Majani yakapukutika, theluji ikaanguka, na kila nilipomuuliza lilikuwa haliumi. Mwishowe nikaacha kuuliza.

Ilikuwa karibu mwisho wa baridi, asubuhi ya Jumamosi. Alikuwa ametoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Aliingia, akakaa kwenye kiti na koti lake bado mwilini, akakaa hivyo muda mrefu mimi nikiendelea na chapati zangu. Halafu akakunja suruali mpaka juu ya goti.

"Linauma," akasema. "Mama watoto, linauma sana."

Nilizima jiko. Nilikaa sakafuni mbele yake, nikalia kama mjinga, na yeye akawa ananibembeleza mimi wakati goti ni lake. Aliyoniambia asubuhi ile hayamo humu. Na hata haya machache yaliyomo, nilimwomba ruhusa kabla sijaandika neno. Alifikiri siku mbili nzima, ndipo akasema ndiyo.