Saa Moja na Nusu Kutoka Dar

Ndovu alimpata baba ndani ya mahindi, kukipambazuka, huko kwetu Rukanga. Baba alikuwa ametoka nje kuwafukuza ndovu kwa tochi na mayowe, kama alivyofanya kila msimu. Majirani walimkuta hai, mbavu zimevunjika na nyonga imepondeka. Wakamlaza nyuma ya pikapu, mama kando yake, nami nikawapokea hospitalini Voi, mji ninakofundisha.

Daktari alinivuta pembeni. "Kama kuna mtu wa kuja kumwona, aje sasa."

Kakangu, kifungua mimba wetu, alikuwa Dar es Salaam akichomelea mageti na madirisha. Nilipompigia alilia kwanza, kisha akasema atapanda ndege ya asubuhi. "Basi la kupitia Taveta litanimalizia siku nzima. Kwa ndege, saa moja na nusu niko Nairobi."

Nikampelekea baba habari hiyo. Hakuwahi kupanda ndege; alizijua zile zinazopita juu ya mlima wa Kasigau tu.

"Saa moja na nusu?" akauliza. "Mimi hata kufika Voi kutoka nyumbani sijawahi kutumia muda mfupi hivyo." Akajaribu kucheka, mbavu zikamkataza. "Basi nitamngoja."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba Nairobi si Voi, na kwamba kutoka huko mwanawe angerudi kusini kwa gari karibu nusu siku.

Asubuhi ujumbe ukaingia: nimetua. Nikamsomea. Tangu hapo hakuondoa macho mlangoni. Kila viatu vilipolia kwenye ukumbi aliuliza, "Ni yeye?"

"Bado, baba."

Karibu na Mtito Andei trela mbili zilikuwa zimegongana na kuziba barabara. Kakangu akapiga simu akiwa kwenye foleni. "Magari hayasongi kabisa. Hebu niwekee baba."

Niliiweka simu sikioni mwake. Sijui aliambiwa nini. Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Alikata roho mchana ule ule, mama akiwa amemshika mguu wa kushoto, maana ndipo pekee pasipomuuma.

Kakangu aliingia jua likizama, vumbi hadi kwenye kope. Alinitazama usoni mara moja, akaketi sakafuni.

"Kwenye ndege waliniletea juisi," akasema. "Nikainywa. Nilikuwa nimetulia kabisa."

Maneno hayo aliyarudia kwa kila aliyekuja kutupa pole, hadi mama akamwambia, "Nyamaza sasa, mwanangu. Hukujua."

Tulimpeleka baba Rukanga. Mvua ilikuwa imekula barabara na gari likakwama, wanaume wakabeba jeneza mabegani sehemu iliyobaki, wakipokezana, wakiteleza matopeni. Hakuna aliyeimba.

Baada ya mazishi kakangu alibaki. Siku kutwa alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akalizungushia shamba waya. Hakutaka msaada wangu, na chakula alikula akiwa amesimama. Ndovu waliuangusha ua huo kabla hajarudi Dar. Aliutazama, akaokota koleo yake, akaingia ndani kufunga mkoba.

Mama anaishi nami Voi sasa. Shamba limekuwa kichaka. Majirani wanasema ndovu hupita pale bila kusimama, maana hakuna tena cha kula.