Podo la baba limenimwagia mishale mbele za watu

Leo nimeaibika, na nina furaha sijui nisemeje.

Baba amenishonea podo la ngozi ya ng'ombe, la kubeba mishale mgongoni. Tangu tumzike mama, hiyo ndiyo kazi ya kwanza kuishika.

Basi leo nikalivaa kwenye mazoezi ya upinde, hapa Maji ya Chai. Naye akaja kuangalia.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Jamani! Mishale yote ikapita juu ya kichwa changu, pwaa, chini.

Nikamgeukia baba, nikijua ameumia moyoni.

Kumbe anacheka! Anacheka mpaka kofia imemdondoka.

"Mwanangu, nimekushonea podo au ndoo?"

Nikaokota mishale polepole makusudi, asije akaacha kucheka.

Chekeni na nyie hapo chini kwenye maoni, nitamsomea baba.