Kichaka Kilichofyekwa Kabla ya Kipaimara

Hapa Shirimatunda mtu mwenye adabu anajulikana kwa ukoka wake. Jirani yangu huagiza boza la maji kila wiki kumwagilia majani yasiyoliwa na ng'ombe wala kukaliwa na watu, maana hata mtoto akiyakanyaga anafokewa. Mimi nilichagua njia ya aibu: nilipanda kichaka cha porini, chenye maua ya rangi ya chungwa, nikakiacha kinywe mvua ya Mungu tu. Wageni walinipa pole. Mmoja aliuliza kama mume wangu amepunguzwa kazini.

Mwaka wa tatu ndege wawili wadogo waitwao chozi walijenga humo kiota mfano wa kifuko, wakataga. Kila asubuhi nilikunywa chai dirishani nikihesabu siku za mayai kuanguliwa, na sitaficha, niliyajali kuliko maandalizi ya kipaimara cha binti yangu. Maandalizi yalikuwa na kamati, na kamati ikazaa kamati ya chakula, ya mapambo na ya usafi. Ombi langu lilikuwa moja tu, kichaka kisiguswe hadi makinda yaruke. Likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Mama mkwe hakuwapo kikaoni. Alishuka kutoka Uru siku mbili kabla ya sherehe, akalala, akaamka kabla yetu sote. Nilipotoka nilikuta uwanja umefagiliwa ukang'aa, na kichaka kimelala chini kando ya panga.

"Shikamoo mama," nilisema, kwa sababu hata msibani salamu haikosekani.

"Marahaba. Nimekuondolea aibu, mwanangu. Gugu lile hata ng'ombe hali."

Niliokota kiota. Mayai yalikuwa yamepasuka. Nililia mbele yake bila haya. Alinitazama, akakitazama kiota, akaenda mpakani mwa kiwanja. Alirudi na jani la isale alilolifunga fundo, akanipa kwa mikono miwili. Kwetu Wachagga ukiletewa isale umeshasamehe, hata kama moyo unagoma. Nililipokea.

"Yameisha, mama."

Sherehe ilifana, na kila mgeni aliusifu uwanja. Wale chozi walizunguka juu ya kisiki, kando ya spika, wakitafuta pa kutua. Niliwapelekea isale lilelile, nikaliweka juu ya kisiki, nikasubiri. Lakini chozi si Wachagga. Walilikataa, wakaondoka.