Nyumba ya Richfield Yangoja Chumba

Mwaka ule wa tisini na sita, Kwamboka alikuwa ameshawaalika watu wa kanisa waje kuiombea nyumba anayonunua Richfield, huko ughaibuni, na funguo bado hana. Kila akipiga simu, ajenti humwambia asubiri. Siku hiyo uvumilivu ulimwisha.

"Kwani huyo anayeniuzia atahama lini?"

"Anakohamia bado anaishi bibi kizee, naye anangoja chumba kwenye makao ya wazee." Ajenti akayataja makao hayo.

Ndiko Kwamboka anakofanya kazi, alikosimama na simu hiyo, na pale chumba hupatikana mtu akifa.

Akakata simu, akarudi kwa Mzee Lindquist, mmoja wa wazee aliowahudumia, aliyekuwa amekataa uji tangu asubuhi.

"Kula, baba," akamfokea, machozi yakimlengalenga. "Kula, nimesema!"