Ufunguo Usio na Pengo Sikioni

Fundi Meno hang'oi meno ya mtu, na heri niliseme hilo mapema, maana kila mwezi hakosi mgeni wa kumjia kibandani kashika shavu. Meno yake ni ya funguo. Alianza kuzichonga akiwa na nywele kichwani, na sasa kichwa kinang'aa kuliko kitasa kipya. Mpe ufunguo autazame mara moja tu, atakuchongea mwenzake huku anakuuliza habari za nyumbani, wala haangalii tena ule wa kwanza. Ndiyo sifa yake. Na ndiyo balaa yake, mtaona.

Ana neno lake moja. Ufunguo ukitoka vibaya, mteja akarudi nao amefura, Fundi Meno hasemi kwamba amekosea. Ng'o! Anaupokea, anaugeuzageuza kwenye mwanga, anasema, "Umekataa." Kana kwamba ufunguo ulikaa kitako ukakata shauri. Kisha anashika tupa, anaukata pengo dogo kichwani, pembeni, mahali anapopaita sikio, usije ukachanganyika na nzima. Halafu anautupia kwenye debe la rangi chini ya meza. Miaka ishirini na tisa ya funguo zilizokataa! Debe la kwanza lilipojaa alilibeba nyumbani, akalisukumia nyuma ya kabati, akaanza la pili.

Mkewe alishazoea. Siku mzee alipoegemeza ngazi vibaya akaanguka nayo, mama alimwuliza kabla hata hajainuka, "Ngazi imekataa, Baba Kifungua?"

Kifungua ndiye binti yao. Walimpa jina hilo la utani kwa kuwa alikuwa kifungua mimba, na baada yake hakuja mwingine. Baba alimpenda mpaka akapitiliza, akampangia maisha yote: kibanda chake, jiliwa yake ya kubania funguo, tupa zake. Binti akakua, akaja siku moja na habari kwamba amejiandikisha kujifunza kuendesha lori.

"Lori!" Fundi alipiga mkono mezani. "Mtoto wangu, lori!"

"Lori, Baba. Kubwa."

Walirushiana maneno wiki nzima, na kila mmoja alikuwa na kichwa kigumu alichokirithi kihalali. Mwishoni, mchana mmoja, binti akiwa darasani kwake, baba mtu alibadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Hasira hiyo, jamani! Alasiri binti akarudi. Fundi alikuwa amekaa sebuleni, akausikia ufunguo ukiingia, ukizungushwa, ukigoma. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Sauti hiyo anaijua kuliko mtu yeyote mjini. Hakuinuka. Mkewe aliporudi kutoka dukani alikuta ufunguo wa zamani umeachwa umechomekwa mlangoni, na binti hayupo. Alikuwa amekwenda kwa shangazi yake, mji mwingine kabisa.

Siku tatu tu baadaye roho ilimsuta Fundi. Alijifungia kibandani, akamchongea binti yake ufunguo wa kitasa kipya, kwa macho, bila kuutazama ule wa kwanza, kama kawaida yake. Akachukua msumari wa chuma na nyundo, akagonga tarehe ya siku hiyo kichwani mwa ufunguo. Hakuukata sikio. Akautundika ukutani, akangoja mtoto aje aombe radhi. Mtoto naye alikuwa anangoja vilevile kwa shangazi. Miezi ikapita. Siku moja Fundi aliutia mfukoni akarudi nao nyumbani, akakasirika upya njiani, akautumbukiza kwenye debe nyuma ya kabati. "Haya, kaa humo!"

Ikatimia miaka mitatu. Binti alizungumza na mama yake kwa simu kila Jumapili, na baba alikaa karibu akijidai anasoma gazeti.

Ijumaa moja, hata Jumapili haijafika, simu ikalia. Mama alisikiliza, akatia machozi, akasema, "Kesho anapita na lori lake. Saa sita. Anasema ataingia kama mlango uko wazi."

Usiku huo Fundi hakulala vizuri. Asubuhi alikwenda moja kwa moja nyuma ya kabati. Akakuta ukuta na buibui.

"Mama Kifungua! Debe langu liko wapi?"

"La takataka?"

"La funguo!"

"Si uliniambia mwenyewe ni takataka? Dada mmoja msanii alipita nyumba kwa nyumba anaomba vitu vilivyokwisha kazi. Nikampa na sufuria lililotoboka. Vipo kule kichochoroni nyuma ya soko, mji mzima umeshakwenda kuviona isipokuwa wewe."

Fundi aliketi kitandani. Akamweleza mkewe habari za ule ufunguo, kwa mara ya kwanza.

"Sasa si uchonge mwingine?" mama aliuliza. "Fundi wa funguo ni nani humu ndani?"

"Nikichonga mwingine leo, nitamwambia nini? Kwamba nilimkumbuka leo? Ule una tarehe, mama. Siku ya tatu! Bila ule, mimi ni baba aliyemfungia mtoto mlango miaka mitatu."

Mkewe akamsogezea viatu. "Kimbia basi," akasema.

Kichochoro hicho zamani watu walikipita wameziba pua. Fundi alipofika alisimama mdomo wazi. Ukuta wa kushoto ulifunikwa kwa nyayo za ndala zilizokatwa kwa umbo la samaki na ndege, buluu, njano, waridi. Ukuta wa kulia ulikuwa wa vigae vya sahani na vikombe, mikono ya vikombe ikiwa bado imechomoza, na watu walikuwa wamening'iniza vikofia vya watoto wao humo ili wapumzike. Vizibo vya chupa vilipangwa chini kwenye sakafu kama mkeka. Usukani wa gari ulikuwa jua. Na juu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, zilining'inia funguo. Funguo zake, zimefungwa kwa nyuzi, zinagongana kila upepo ukipita, na watu chini wanainua nyuso wanatabasamu.

Aibu ilimpanda. Dhambi zake zote, hadharani!

"Fundi Meno!" Alikuwa muuza vitambaa wa sokoni. "Kumbe hizi zote ni kazi ya mikono yako?"

"Hizo... zilikataa," alisema Fundi, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Muuza vitambaa alipopita, alianza kutafuta. Alivuta uzi mmoja, akaangalia sikio: pengo. Wa pili: pengo. Alipofika wa arubaini shingo ilikuwa inamwuma, na saa ya mnara wa soko ilionyesha saa nne na nusu. Akapanda juu ya kreti.

"Babu, kugusa ruhusa, kung'oa marufuku!"

Msanii alikuwa amesimama nyuma yake, msichana mwenye ovaroli iliyojaa rangi, mikono kiunoni. Fundi akashuka. Hakuwa na muda wa kupamba maneno, akamweleza: sikio, pengo, tarehe, binti, saa sita.

Msichana alivuta uzi mmoja, akaangalia ufunguo. "Kumbe lile pengo ni alama ya makosa? Mimi nilidhani ni nembo yako. Nilizipenda kwa sababu hiyo." Akamshika mkono. "Njoo. Mmoja haukuwa na pengo. Nilishindwa kuuchanganya na nyingine."

Mwisho wa kichochoro ulisimama mlango mkuukuu usio na nyumba, umejaa vitasa juu mpaka chini. Kwenye mnyororo ulining'inia ufunguo mmoja, na kibao: JARIBU BAHATI YAKO. Tarehe ilikuwa palepale kichwani. Vidole vya mji mzima vilikuwa vimeushika mpaka ukang'aa.

"Huo haujafungua kitasa hata kimoja," alisema msichana, akiufungua mnyororo.

"Ungefunguaje? Una mlango wake," Fundi alisema.

"Uchukue. Ila uniletee mwingine wa kutundika hapa."

Alifika nyumbani anahema. Lori lilikuwa nje tayari, kubwa kweli, limeegeshwa vizuri mno; hata yeye aliliona hilo. Mkewe na binti yake walikuwa wamekaa kwenye kizingiti. Mlango umefungwa.

"Nimeufunga makusudi," alisema mama. "Tunamngoja aliyeufunga mwanzo."

Binti alisimama. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na ana mikono ya kazi. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamnyooshea ufunguo.

Binti aliugeuza, akaisoma tarehe. "Siku ya tatu?"

"Siku ya tatu."

"Na mimi siku ya nne nilifika mpaka stendi nirudi nyumbani, nikaghairi," akasema. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akaugeukia mlango, akautia ufunguo, akauzungusha.

Ukagoma.

Akauzungusha tena. Sauti ileile! Miaka mitatu aliuweka ufunguo huo moyoni, na hata siku moja hakuwahi kuujaribu. Mkewe aliinamisha uso. Binti aligeuka taratibu akamtazama, na wote wawili walikuwa wanalingoja lile neno lake.

Likaja mpaka kwenye ulimi. Akalimeza.

"Nimekosea," alisema Fundi Meno. "Ufunguo nimeukosea, mwanangu. Na wewe nilikukosea. Mlango huu nilikosea kuugusa."

Mama akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa majirani nje, na binti akamwangukia baba yake kifuani, analia na kucheka pamoja. "Basi, Baba," alisema alipopata pumzi, "lete tupa tuukate sikio."

Waliukata palepale kizingitini, mikono yao miwili juu ya tupa moja. Jumatatu Fundi aliurudisha kichochoroni mwenyewe, na ukipita leo utaukuta, ndio pekee wenye tarehe na pengo. Akiwepo atakuonyesha hata kama hukumwuliza. "Huu," atasema, "nilikosea mimi."

Lakini siku ile ya Jumamosi, mama alipokwisha kuwafungulia kwa ufunguo wake, kabla hata ya kula, alikwenda kibandani akachonga mwingine. Aliutazama ule wa kwanza mara nne. Kisha akarudi nao nyumbani, akawaomba wote watoke nje, akafunga mlango, akaujaribu, ukafungua, ndipo akampa binti yake.